Warithi wa Wapagazi: Kwa Pikipiki Kutoka Mgunda Mkali Hadi Ujiji

Mvua zikishakatika mwezi wa Mei na mahindi yakishaingia ghalani, nchi ya Unyamwezi hufunguka. Mbuga zilizokuwa tope hukauka na kupasuka nyufa, mito hupungua hadi kubaki madimbwi, na njia za porini ambazo Machi hazipitiki hata kwa miguu hugeuka kuwa nyeupe na ngumu. Ndipo watu wanapotoka. Harusi, ngoma, kurina asali, kupeleka tumbaku kwenye chama cha msingi, kumtazama shangazi ambaye hajaonekana tangu mwaka jana, yote hayo hungoja kiangazi. Ratiba hiyo haikuanza leo. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walisubiri mavuno yaingie ndani ndipo wafunge pembe za ndovu na kushika njia ya pwani, nao walijitahidi kurejea kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa sababu jembe halimngojei mtu.

Nami husafiri msimu huohuo, shule zinapofungwa Juni, na chombo changu ni pikipiki. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile iliyofuatwa na misafara: kuingia kwa upande wa Itigi, kupita Tura hadi Tabora, kisha kuelekea magharibi kwa Urambo, Kaliua na Uvinza mpaka ukingo wa Ziwa Tanganyika pale Ujiji. Vitabu vya historia huwataja Wanyamwezi kuwa wapagazi, kana kwamba upagazi ulikuwa ajira tu iliyokufa siku reli ilipofika. Mimi naona vingine. Upagazi ulikuwa shule nzima ya maisha. Uliwafunza watu namna ya kumpokea mgeni, kumfuata kiongozi, kufunga mzigo, kutaniana na watu wa kabila jingine na kugawana kinacholetwa nyumbani. Mafunzo hayo bado yanafanya kazi vijijini, na anayetaka kuyaona kwa macho asipande basi. Abiria wa basi huwaona watu kupitia dirishani; wa pikipiki hana budi kuwasalimu.

Safari yenyewe huanza kwa kuvuka Mgunda Mkali. Hilo ndilo jina ambalo wasafiri wa kale waliipa nyika iliyoko kati ya Ugogo na Unyamwezi, na anayelivuka pori la Itigi mchana wa Julai hahitaji kuelezwa sababu. Vichaka vya pale vimesongamana kiasi kwamba mbuzi akiingia hatua chache humwoni tena. Misafara ililazimika kwenda mwendo wa haraka hadi jioni ili iwahi maji, na kila mpagazi alijua visima vilipo na vingapi huwa vimekauka kufikia mwezi huo. Siku hizi kuna lami, na vijiji vya kando ya barabara huuza petroli kwenye chupa za maji ya kunywa zilizopangwa juu ya meza. Hata hivyo watu wa njia hii bado wana desturi ya kumuuliza msafiri jambo moja kabla ya mengine yote: maji unayo? Huulizwa na mama anayeuza karanga, na huulizwa na mchunga ng'ombe aliyesimama peke yake porini.

Msafara ulikuwa na sheria zake, na ya kwanza ilimhusu kirangozi. Huyo ndiye aliyetangulia mbele, amevaa kitambaa chekundu na manyoya kichwani, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 wakati ikijulikana kwa jina la Kaze, ameeleza kwamba aliyemtangulia kirangozi alichomolewa mshale kwenye podo yake, ukawekwa kuwa ushahidi hadi mwisho wa mwendo, ndipo akatozwa faini. Nimeiona heshima inayofanana na hiyo kwenye barabara ya Urambo, bodaboda zilipokuwa zikiwapeleka watu msibani. Aliyetangulia alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, anayejua mahali mchanga ulipo mzito na mahali daraja la magogo lilipooza. Vijana wenye injini za kasi zaidi walibaki nyuma yake mwendo wote, na walipofika penye mchanga walimwacha avuke kwanza, akageuka, akawaonyesha kwa mkono upande wa kupita.

Kirangozi alikuwa na kazi nyingine ya kuziba njia za kupotea. Kwenye njia panda, aliziba njia isiyofaa kwa tawi au kwa kuchora mstari mchangani, ili walioko nyuma wasiifuate. Matawi bado yanasema barabarani Tanzania nzima: gari likiharibika, dereva hukata matawi na kuyatandaza nyuma na mbele. Porini kuelekea Kaliua nimekuta tawi bichi la mtundu limelazwa kwenye mdomo wa njia, na mbele yake kidaraja kimekatika. Aliyeliweka hakujulikana, wala hakuna aliyejali kumjua.

Salamu za huku hazitaki haraka. Ukikuta wazee wamekaa, unapunguza mwendo, unazima injini, unavua kofia ngumu, ndipo unasema. Asubuhi ni mwangaluka. Mwanamke akimsalimu mzee hukunja magoti kidogo, na mzee huitikia kwa kuuliza hali ya waliobaki nyumbani mmoja mmoja. Baadaye huja maswali: umetoka wapi, unakwenda wapi, wewe ni mtoto wa nani? Mgeni wa mjini anaweza kudhani anahojiwa kama mshukiwa. Kwa upande mmoja ni kweli anachunguzwa. Hii ndiyo nchi iliyozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale watu wa Kahama na vijiji vya jirani walipochoshwa na wezi wa ng'ombe na wanyang'anyi wakaamua kulinda vijiji vyao wenyewe kwa upinde na mshale. Yowe likipigwa, kila mwanamume hutoka. Lakini maswali yaleyale ndiyo yanayompatia mgeni mahali pa kulala. Ukishataja ukoo au hata jina la mwalimu aliyekufundisha, mtu ataruka aseme anamfahamu binamu yake, na kuanzia hapo huwi mgeni tena. Misafara nayo ilijitambulisha kabla ya kuingia kijijini, kwa baragumu na kwa kupiga bunduki hewani, ili wenyeji wasije wakadhani ni vita.

Zamani kijiji cha Kinyamwezi kilikuwa na iwanza, nyumba ya pamoja ambamo wanaume walikaa, wakala, wakachonga mipini na kusuka vitu vyao. Mpita njia aliruhusiwa kulala humo. Wanawake nao walikuwa na iwanza yao upande wa pili wa kijiji. Majengo hayo hayapo tena, ila kazi yake imehamia chini ya miembe, kwenye vijiwe vya bodaboda. Ukifika kijijini hujui mtu, nenda kijiweni. Hapo utaambiwa nani anauza vipuri, mwenyekiti wa kijiji anakaa wapi, njia ipi imekatika na nyumba ya mama gani inapika chakula cha wageni. Kijiwe kina kiongozi wake, kina zamu ya kubeba abiria, na kina daftari la michango kwa ajili ya mwenzao akianguka au akifiwa. Wapagazi walifanya hivyohivyo: waligawanyika kambi kambi, wakapika pamoja, na mgonjwa mzigo wake ukagawanywa kwa wenye nguvu.

Mzigo ndio fahari ya njia hii. Mpagazi wa kawaida alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32, mbali na jamvi lake, chungu, chakula na silaha. Pembe kubwa za ndovu zilizidi uzito huo, nazo walipewa wenye mabega yaliyothibitishwa, ambao hawakukubali kubadilishiwa kwa mzigo wa nguo hata kama ulikuwa mwepesi. Kijana ambaye hajawahi kufika pwani alihesabiwa bado mtoto, na wazazi wa msichana walisitasita kumsikiliza. Vitu vingine vilibebwa kwa mzegazega, mti begani na mzigo kila upande, na ufundi wote ulikuwa katika kusawazisha.

Ufundi huo niliutazama kwa karibu katika kijiji kimoja cha Sikonge, asubuhi, wakati kijana mmoja akifunga madumu ya asali. Alikuwa na madumu manne ya lita 20, na kila moja lilikuwa zito kuliko ndoo ya maji ya ukubwa uleule, maana asali ina uzito wake. Kwanza alilaza ubao wa mninga nyuma ya kiti, ukining'inia sawasawa pande zote mbili. Akaweka dumu la kushoto na la kulia kwa wakati mmoja, akisaidiwa na mdogo wake, kwa sababu ukianza na upande mmoja pikipiki huinama na stendi huzama mchangani. Madumu mawili yaliyobaki yakakaa juu ya ubao. Kisha akachukua mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, akaizungusha kwa kuivuta hadi ikawa myembamba, kila mzunguko ukipita chini ya fremu na kurudi juu kwa kukatiza. Hakufunga fundo hata moja hadi mwisho. Ncha aliichomeka chini ya mizunguko ya mwanzo. Alipomaliza alilisukuma dumu la juu kwa goti, likakataa kutikisika. Baba yake, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, “Sasa nenda, mwanangu, na ukifika kwenye korongo shuka usukume.”

Asali yenyewe ni habari ya peke yake. Misitu ya miombo ya Tabora imewalisha nyuki na watu tangu zamani, na mizinga ya magome na ya magogo bado inaonekana juu ya miti, mbali na kijiji, ambako mrinaji huenda na kukaa kambini majuma kadhaa. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, na ushirika wa wafuga nyuki ulianza miaka ya 1960. Linalonisikitisha ni kwamba misitu hiyohiyo ndiyo inayokatwa kukaushia tumbaku. Kila bani la tumbaku linataka kuni, na wilaya za Urambo na Kaliua zimelima tumbaku kwa miaka mingi. Warinaji wanasema mizinga inazidi kwenda mbali, na sijaona sababu ya kutowaamini. Kila mwaka napita mashamba mapya mahali nilipozoea kivuli.

Chakula cha njia hii ni chakula kilichokaushwa, na nadhani safari ndizo zilizokisaidia kuenea. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa; matobolwa huchemshwa kwanza. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo yakipikwa kwa karanga zilizosagwa na kuliwa na ugali huwezi kuyakumbuka mapishi ya hotelini. Vyote hukaa miezi bila kuharibika, vyepesi kubeba, na havihitaji zaidi ya maji na moto. Kila mama anayenikaribisha hunifungia michembe kidogo ya kutafuna njiani, hata kama tumejuana saa moja tu.

Halafu kuna utani. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, na Wanyamwezi na Wazaramo vilevile, na ukiitazama ramani utaona kwamba hao ni watu ambao msafara ulipita kwao au ulifikia kwao. Katika Ugogo misafara ililipa hongo ili ipate ruhusa ya kupita na kuchota maji. Mara nyingine mabishano yalidumu siku nyingi, na mara nyingine damu ilimwagika. Kutoka katika kuogopana huko watu walijenga uhusiano wa kuruhusiana kutukanana, kunyang'anyana vitu vidogo na kuzikana. Msiba wa Mnyamwezi ukiwa na mtani Mgogo karibu, huyo atakuja kumkejeli marehemu, atalala kaburini akidai alipwe, ataficha sufuria ya wapishi, na wafiwa watacheka huku machozi yakiwatoka. Itigi, muuza duka alipojua naelekea Tabora alinigomea chenji yangu akisema ni hongo ya babu yake. Alinirudishia baadaye, pamoja na ndizi mbili.

Tabora mjini hukaa siku chache, na daima nafika Kwihara, kilometa chache kutoka katikati ya mji, kuliona tembe ambamo wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley waliishi pamoja mwaka 1872. Ni nyumba nzuri ya udongo, yenye paa la bapa na ua wa ndani. Ujiji nako kuna makumbusho ya Livingstone, mahali walipokutana mwaka 1871. Sina chuki na mzee Livingstone. Lakini sehemu zote mbili zinazotunzwa kwenye kipande hiki cha njia zimebeba jina la mtu mmoja mgeni, ilhali maelfu kwa maelfu waliopita hapa wakiwa na mizigo mabegani hawana hata jiwe. Livingstone alipofariki Mei 1873, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia, wakafika hapahapa Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, wakaendelea hadi Bagamoyo Februari 1874. Kazi ile ilikuwa ya wapagazi, na waliifanya kwa utaratibu wa wapagazi.

Kwingine wachukuzi hawakusahauliwa hivyo. Huko Japani, watu wanaosafiri kwa pikipiki wakati wa likizo ya kiangazi hupita kwenye njia kongwe ya Nakasendo, iliyounganisha Edo na Kyoto kwa vituo 69. Mji wa Tsumago, mmoja wa vituo hivyo, umehifadhiwa na wenyeji wenyewe: nyumba za wageni za zamani zimesimama, nguzo za umeme zimeondolewa machoni, na msafiri anaelezwa jinsi wachukuzi na farasi walivyobadilishana zamu. Wamewakumbuka waliobeba. Njia yetu ya kati iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, na Kwihara na Ujiji zimo. Naomba, kabla haijapanda hatua nyingine, wazee wa Unyamwezi waulizwe nyimbo za babu zao za njiani na majina ya kambi. Wanaoyajua bado wapo, na hawaishi mbali na lami.

Kutoka Tabora kwenda Urambo unaingia nchi ya Mtemi Mirambo, aliyeunganisha himaya ndogondogo na kuushika mlango wa biashara ya Ujiji hadi alipofariki Desemba 1884. Vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia hii mwaka 1871, hata Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Mtemi Isike wa Unyanyembe, yeye, alipozingirwa na Wajerumani Januari 1893 aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani ya boma lake. Huku watemi husimuliwa kama watu wa juzi. Mzee wa Urambo akimtaja Mirambo hushusha sauti.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na misafara mirefu ikaisha. Mabega yaleyale yakaenda kwenye mashamba ya mkonge. Bodaboda zilipoenea, mwanzoni mwa karne hii, zilikuta nchi ambayo watu wake walishazoea kwamba kijana huondoka, hubeba, na hurudi.

Mbele ya Kaliua njia hushuka kwenye bonde la Malagarasi. Misafara ilivushwa kwa mitumbwi na kuwalipa Wavinza. Leo kuna daraja lililofunguliwa mwaka 2015 na kupewa jina la Rais Kikwete. Uvinza ni nchi ya chumvi. Maji ya chumvi yanayobubujika pale yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na kazi ilifanyika kiangazi, ambapo watu kutoka kila upande walipiga kambi kando ya chemchemi, wakachemsha, wakatoa sehemu ya watemi wa pale, wakaondoka na yao kabla ya mvua. Hakuna aliyekatazwa kwa kuwa wa kabila jingine. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko madaraja yote.

Ujiji si mahali pa kusifia tu. Pembe zilizobebwa na wapagazi huru zilifuatana na watu waliofungwa minyororo, waliovushwa ziwa kutoka Kongo. Wengi wa Wamanyema wa Ujiji, Kigoma na Tabora wana mizizi ng'ambo hiyo. Wengine walikuja wakiwa watumwa, wengine wafuasi wa wafanyabiashara, na wajukuu wao ndio wenyeji wa miji hii. Hayo husemwa kwa uangalifu barazani, na ni haki yasemwe. Asubuhi Waha hukupokea kwa mwakeye, wakipiga makofi taratibu kwa salamu inayoendelea hadi kila mmoja aridhike.

Anayerudi kutoka Kigoma harudi mikono mitupu. Bodaboda wa Urambo na Kaliua wanaopeleka abiria huku hufunga dagaa, mawese na chumvi ya Uvinza kwa mipira ileile. Nyumbani mzigo haufunguliwi mpaka mama awepo, na yeye ndiye anayegawa. Sehemu ya kwanza huenda kwa wazazi wa mume, ya pili kwa jirani aliyelinda ng'ombe wakati mwenyewe hayupo, halafu wajane wa mtaa, halafu aliyekopesha hela ya petroli. Watoto hupewa dagaa mkononi papo hapo. Mtani, kama yupo, hasubiri kugawiwa. Anaingia ndani na bakuli lake, anajichotea, na hakuna anayemzuia.